Kishale cha Marselina

Kishale kilikwama tena. Tadei alikivuta, akakibembeleza, akakisubiri, na kilipoamua kusogea kiliruka hadi pembeni mwa kioo cha kompyuta bila hata kupita katikati.

Yeye alikuwa Mbinga mjini, kwenye kibanda chake cha ufundi nyuma ya soko. Kompyuta iliyomtoa jasho ilikuwa huko chini ziwani, Mbamba Bay, mezani kwa Marselina, karani wa chama cha wavuvi. Tadei ndiye aliyeifunga, akaiwekea mfumo wa Linux na njia ya kuiingia kwa mbali, ili asishuke milima yote ile kila karani anapopatwa na tatizo.

Bahati mbaya Marselina hakuwa mtu wa kupatwa na matatizo. Kwa hiyo Tadei aliingia bila kuitwa, asubuhi akaingia, mchana akaingia, akawa anatazama kishale cha binti kikitembea kwenye orodha ya mizigo ya usipa, dagaa wa ziwani, anayoiandika. Mara nyingine alikisukuma kidogo, nacho kikasimama. Tadei aliyahesabu hayo kuwa mazungumzo.

Sasa, tangu Pasaka, mazungumzo yenyewe yalikuwa mazito kuliko gari la kahawa kwenye matope. Na wakati ulikuwa mbaya, maana Tadei alitaka kumwoa Marselina. Barua ya posa ilikuwa imeandikwa. Mjomba wake Raimundi wa Mkumbi alikuwa amekubali kuipeleka, na koti lake lilikuwa limeshapigwa pasi. Kilichobaki ni kishale. Fundi gani anakwenda kuposa huku kompyuta ya mchumba imemshinda?

Basi akaishughulikia kweli kweli. Aliiondoa picha ya ufukwe iliyopamba kioo, maana picha hula mtandao. Akapunguza rangi mpaka kila kitu kikawa kama uji wa ulezi. Akazima vivuli na mbwembwe zote za madirisha. Akabadilisha programu ya kuingilia, akairudisha ya zamani, akaibadilisha tena. Prosesa ilikuwa imekaa bure, kumbukumbu ilikuwa tele. Ruta ya ofisini kwa binti, kile kisanduku kinachogawa mtandao, peke yake hakuikagua. Aliipanga mwenyewe, na mkono wake aliuamini kuliko wa fundi yeyote wilayani.

Akapiga simu.

"Marselina, bado inakusumbua?"

"Hapana, kaka Tadei. Huku ni nyepesi tu."

"Usinifiche. Mimi naiona inavyokwama."

"Pole sana, kaka. Lakini acha tu, usijisumbue. Una wateja wengi huko."

Tadei alikata simu akitabasamu peke yake. Binti anateseka, na bado anamhurumia fundi! Moyo ulimjaa furaha hadi akasahau kula.

Mjomba Raimundi, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la wateja, alimgeukia.

"Na mwenyewe analalamika?"

"Hata kidogo, mjomba. Ana subira ya ajabu."

"Basi huyo ni mke," alisema mjomba. "Tukizidi kuchezea mashine hapa, wenzetu watatutangulia."

Wakakubaliana kushuka Jumamosi. Tadei angeimaliza kompyuta kwa mikono yake, mbele ya macho ya binti, na kutoka hapo mjomba angekwenda moja kwa moja nyumbani kwa wazazi wa Marselina. Walipanda gari la asubuhi. Kule ziwani joto liliwapokea kituoni, lakini mjomba alikataa katakata kuvua koti, kwa kuwa barua ilikuwa mfuko wa ndani.

Marselina aliwapokea vizuri. Alipiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," alijibu mjomba, na macho yake yakamwambia Tadei kwamba amekubali.

Tadei alikunja mikono ya shati akaisogelea meza.

"Samahani, kaka," Marselina alisema, "tungoje kidogo. Kuna mkaguzi wetu ameingia, anatazama mizigo ya wiki hii."

Hapo ndipo Tadei alipokiona kioo. Picha ya ufukwe ilikuwa imerudi, maji yake ya buluu na mchanga wake, rangi zote. Juu yake kishale kilikuwa kinakimbia chenyewe. Kilifungua ukurasa, kikaufunga, kikafungua mwingine, kikashuka hadi chini na kupanda juu. Hakikusita hata mara moja.

"Huyo mkaguzi yuko chumba cha pili?"

"Yuko Songea, kaka."

"Songea? Mbali kuliko Mbinga?" Tadei aliinama kuitazama ruta. "Anapita ruta hii hii?"

"Hii hii."

"Sasa mbona yeye hakwami?"

Marselina alitazama bahasha iliyokuwa ikichungulia kwenye koti la mjomba, kisha akainamisha uso.

"Nisamehe, kaka Tadei. Kukwambia kwa mdomo uache kunichungulia niliona haya," alisema taratibu. "Nikaenda kwenye ruta, nikambania kasi ya mtandao mtu mmoja tu."