Figa la Kijani

Katika mji mmoja, na mtu asibishe, mwanamume aliyetaka kuoa alipeleka figa moja kwa mwanamke. Likipasuka motoni, alirudi kwao na vipande vyake. Nyangi, mjane mfinyanzi, alikuwa amekwisha kupasukiwa na mafiga ya wachumba wanne.

Magoiga, mchonga mawe mwenye mvi, alipoweka lake jikoni, Nyangi alilikwaruza kwa ukucha. Likatoa unga.

"Mzee Magoiga, umeniletea jiwe au sabuni?"

"Lipindue, mama. Huku juu lina michirizi kama nyasi, maana lilipoa upesi. Huku chini limeshikana kama ugali, lilipoa taratibu. Lilitoka ardhini likitiririka kama uji, la moto hata mawe mengine yakaomba kivuli."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilishika mwiko."

Nyangi akauma mdomo asicheke. "Mbona sasa laini?"

"Maji. Yamelipenya tangu samaki hawajazaliwa, kidogo kidogo, likageuka kijani, likalainika. Halijadhoofika, mama. Limebembelezwa." Kisha sauti ikamshuka. "Nimekaa peke yangu miaka kumi na moja. Sina jiwe jingine."

Nyangi alilisukuma figa katikati ya makaa, akapuliza hadi ndimi za moto zikalifunika. Desturi ilimtaka asimame mlangoni, mbali na vipande. Yeye akavuta kigoda karibu na moto, akakaa, kisha akavuta cha pili.