Alimsukuma

"Alimsukuma mzee Kombo, akatumbukia kisimani," alisema Bi Time, na mkalimani Faraji akaifikisha sentensi hiyo kwa hakimu mgeni bila kusita. Katika lugha ya hakimu, kila anayetajwa sharti awe mwanamume au mwanamke. Kizimbani alisimama Mshindo, mkwe wa marehemu, basi Faraji akasema mwanamume. Hakimu akaandika.

"Kisha akaokota kanga yake," Bi Time akaendelea, "akajifunga kiunoni, akaenda zake."

Faraji akakwama kwenye neno kanga, vazi la kike. Miaka kumi na tisa ya ukalimani, na hakuwahi kuona jinsi ile herufi moja, *a*, ilivyo pana: hubeba watu wote bila kuuliza. Yeye ndiye aliyeifinya hadi ikamtosha mtu mmoja, na mtu huyo angeweza kunyongwa.

"Shahidi anasemaje?" hakimu akauliza kwa lugha yake.

Faraji akageukia kizimbani. Mshindo alikuwa amesikia kila neno, tena kwa lugha iliyomlea, wala hakushangaa. Alimtikisia mkalimani kichwa polepole, kama mtu anayemwomba mwenziwe asimwamshe mtoto.

"Mkalimani," hakimu akasema, kalamu ikiwa hewani, "nasubiri."

Faraji akafumbua mdomo. Kabla sauti haijatoka, benchi la nyuma likalia. Mke wa Mshindo, binti wa marehemu, alikuwa amesimama, anakaza kanga yake kiunoni.