Jua Lilipofunga Njia

"Ama zangu ama zake," mpimaji wa anga aligonga kwenye redio yake, kwa nukta na vistari vya Morse. "Jumamosi mama mkwe anahama."

"Kwani ana kosa gani?" Nahodha akajibu. Huyu alikuwa rafiki yake wa ng'ambo, baharia ambaye hajawahi kuonana naye.

"Kosa? Amevuta waya wa kuanikia nguo kutoka dirishani kwake mpaka juu ya paa, na hajaanika hata leso! Sanduku lake la bati haligusiki. Tangu astaafu posta, alikokuwa akipeleka simu za maandishi, vidole havitulii, mezani ni kugongagonga tu. Na hanisemeshi, ila kuniita baba."

"Labda ni heshima. Anapikaje?"

"Vizuri mno, ndugu yangu. Lakini hilo libaki kwetu."

Urafiki wao ulianza mwezi uleule mama alipohamia. Bila Nahodha, mpimaji angekwisha rukwa na akili, na alimpenda kwa hilo.

Jumamosi asubuhi, kituoni, mitambo ilichachamaa. Jua lilikuwa limelipuka na kuivuruga ionosfia, lile tabaka la juu ambako mawimbi ya redio hudunda kama mpira ukutani yakafika nchi za mbali. Leo ukuta haukuwepo. Mpimaji mwenyewe ndiye aliyetoa onyo: mpaka jioni, redio za masafa marefu hazitasikika, ila za jirani tu.

Alirudi nyumbani mchana. Kumfukuza mama mkwe si mchezo, na mke wake, aliyekuwa zamu hospitalini, hakuambiwa lolote. Alipita jikoni kama mwizi, akasalimia bila kuinua macho, akajifungia chumbani.

Akawasha redio kwa mazoea tu. Stesheni zote kimya. Akazungusha huku na huku, kimya. Siku anayomhitaji Nahodha kuliko zote ndiyo siku hii! Akajihurumia kwelikweli.

Mara masikioni pakagongwa, kwa nguvu iliyomfanya aruke kitini.

"Umeshamwambia?"

"Bado," akajibu mbio, kwa furaha. "Naogopa." Kisha akaikumbuka ionosfia, na mkono ukaganda juu ya kitufe.

Nukta na vistari vikaendelea, bila haraka.

"Chakula kiko mezani, baba, njoo kabla hakijapoa. Hilo la kuhama libaki kwetu."