Tegu wa Mwisho

Tangu sheria ilipokataza kiumbe chochote kutoweka duniani, tegu wa mwisho aliishi tumboni mwa Profesa Kokubanza, yuleyule aliyetumia miaka thelathini kuwamaliza minyoo hao kwa ng'ombe, nyati na watu. Sasa profesa alikuwa mgonjwa, na dawa aliyoandikiwa ingemuua mnyoo. Hakuruhusiwa kuinywa mpaka mtoto wa tegu apate tumbo jingine.

Ofisa alileta kipande cha nyama mbichi ya ndama aliyelishwa mayai ya tegu huyo, mtoto akiwa ndani yake, akakaa sebuleni kushuhudia.

"Nipe mimi," alisema Rwegasira, mume wa profesa.

"Baba Asimwe, unajua kilichomo humo."

"Nitaachaje kujua? Miaka yote umenilisha nyama iliyokauka kama kuni, ukinihubiria iive, iive."

Alicheka peke yake, akanyunyiza chumvi, akakitia kipande kinywani na kufumba macho. Kokubanza alitaka kumshukuru, au kulia. Badala yake alijikuta akimshika shavu na kunong'ona, kwa sauti ileile aliyowabembelezea watoto wao walipokuwa wachanga:

"Usitafune sana, utamuumiza."