Vimiminika Kwanza

Kadi ilidondoka tena, na mama akairudisha mlangoni mwa friji kwa kofi.

"Kaa hapo!" aliifokea.

Mlango mzima ulikuwa umefunikwa kwa kadi: kila kadi somo, kila safu muhula, kuanzia hesabu za mwanzo hadi shahada ya uhandisi wa mitambo. Zote zilikuwa zimetulia isipokuwa mbili. Mwendo wa Vimiminika na Uhamishaji wa Joto, mama alitaka zikae muhula mmoja. Chuo hakikutaka.

"Mama, vimiminika vinatangulia," bintiye alisema huku akimenya vitunguu. "Bila hivyo, joto halisajiliwi."

"Na joto linafundishwa muhula huo tu! Likipita hilo, mwaka umekwenda na maji. Kiwanda kitamsubiri nani mwaka mzima? Ile nafasi ya mhandisi watampa mwingine."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingekaa hapo unamenya vitunguu kama vile mambo ni shwari."

Binti alijifuta macho kwa kiwiko, akachukua kitunguu kingine.

Mama alikuwa na stashahada yake ya ufundi wa mabomba, na kuambiwa kwamba mambo ya maji lazima yasomwe kwa foleni kulimchoma. Kilichomchoma zaidi ni yule mshauri wa masomo, idara nzima mmoja tu, ambaye alikwisha kuirudisha fomu mara mbili.

"Hata kupepesa macho hakupepesa," alisema. "Anasukuma tu karatasi, 'haiwezekani.' Kichwa kigumu kama nondo. Sijui mama yake alimlea vipi."

"Labda kwa ukali."

"Basi haukutosha."

Kisu kilisimama juu ya kitunguu. "Vimiminika vinafundishwa pia wakati wa likizo," binti alisema.

"Likizo? Na kupumzika je?"

"Likizo ipotee, au mwaka upotee. Hakuna njia ya tatu, mama."

Mama alisonya. Alifungua friji bila kutaka kitu chochote ndani yake, akaifunga kwa kishindo, na kadi zikamwagika sakafuni. Aliziangalia kwa muda, mikono kiunoni. Kisha akainama, akaokota ile ya vimiminika, akaibandika penye likizo, kabla ya muhula wa joto, kwa nguvu za mtu anayegongomea msumari.

"Haya! Roho zenu zitulie."

Asubuhi alibisha mlango wa mshauri, akaingia kabla hajakaribishwa, akaiweka fomu mpya mezani bila salamu. Mshauri aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, akarudi juu, akaisoma tena. Mama alipigapiga vidole mezani. Mwishowe mhuri uligonga karatasi.

"Saini hapa, mama, palipoandikwa mwanafunzi," mshauri alisema. "Na ukitangulia kufika nyumbani, vitunguu leo ni zamu yako."