Vyuma vya Raya

Siku hizi mtoto akishameza kipande cha mwisho cha chapati, vyuma vya meno yake hujifunga vyenyewe, na mdomo haufunguki mpaka visugue kila jino na fizi.

Asubuhi moja vilimfunga Raya mdomo akiwa anamsimulia mama yake ndoto. Macho yalimtoka, mikono ikapaa kuonyesha kitu kikubwa.

Mwanahawa alimtazama bintiye, akakumbuka uani kwa bibi yake: kila mtu na mswaki wa mti kinywani, wakisimuliana ndoto huku wakitema mate, na bibi akigomba, “Sugueni na fizi, wavivu nyie!”

Vyuma vikalegea. Meno yaling'aa.

“Enhe, mwanangu, ile ndoto ikawaje?”

Raya alimshangaa. “Nini, mama? Kwani nilikuwa nasema?”