Marehemu wa Chumba cha Uani

Simu ya mwandishi ilitoweka mezani wakati akinawa mikono, na wenyeji wake wote wakaanza kwa pamoja kuzungumzia mvua.

"Nimeipeleka kwa fundi," binamu yake alisema alipobanwa. "Kioo kina ufa."

Ufa ule ulikuwa na umri wa kutosha kuanza shule. Mwandishi hakubisha. Alimtazama yule binamu, muuza magodoro asiyejua kudanganya hata kidogo, akacheka moyoni. Hatimaye mji huu ulikuwa umeanza kurudisha nauli yake.

Alikuja kutafuta kifo. Vitabu vyake viwili vya mwisho vya upelelezi vilikuwa na muuaji yuleyule aliyebadilishwa shati, na mchapishaji alimwambia bila kupepesa macho: lete kisa kipya au tafuta kazi nyingine. Ndipo akafunga safari kwenda mji asioujua, akafikia kwa binamu wa upande wa mama kwa sababu hoteli ni ghali. Simu za nyumbani alizikata zote. Fikra, alisema, haipendi kelele.

Mji wenyewe aliudharau kuanzia stendi. Barabara moja ya lami, maduka yanayouza ndoo zilezile, watu wanaosalimiana mpaka wanasahau walikokuwa wanakwenda. Hapa, alijiambia, hata wezi hubisha hodi.

Lakini kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku ile simu ilipotoweka, shemeji yake, mke wa binamu, ambaye akicheka hucheka mtaa mzima, alitoka jikoni macho mekundu akasingizia vitunguu, na mezani palikuwa na chai na mkate tu. Redio ilizimwa. Jirani mshona nguo alikuja, akampa mkono, akaushikilia muda mrefu mno, kisha akaondoka bila kusema alichokifuata. Na mpangaji wa chumba cha uani, dereva mmoja mwenye mdomo, aliyegombana na binamu jana yake kuhusu bomba la maji, hakuonekana tena. Mlango wake ulipigwa kufuli.

Mwandishi aliunganisha mambo kama mtu anayejua kazi yake. Ugomvi, kufuli, machozi. Walikuwa wamemuua mpangaji, na simu wameificha ili mgeni asiite polisi. Hakuogopa. Mtu aliyekwisha kuua umati kwenye karatasi hamwogopi muuza magodoro. Alichoona ni aibu tu kwa niaba yao: watu wazima na meno yao, na hata uso hawajui kuuficha.

Mchana alijibanza koridoni, sikio kwenye mlango wa jikoni.

"Asijue chochote mpaka mzee afike," binamu alikuwa akinong'ona.

"Na gari?" mkewe akauliza.

"Limepatikana. Lazima liondoke leo."

Mwandishi nusura apige makofi. Mzee, bila shaka, ndiye mkuu wa genge. Gari ni la kubebea maiti. Aliiona sura ya kwanza ya kitabu, akaliona jalada, akaiona na hotuba atakayoitoa siku ya tuzo, ambamo angeutaja mji huu kwa sentensi moja ya huruma.

Mzee alifika alasiri, na loo, alikuwa mjomba mwenyewe, baba yake binamu, amechafuka vumbi la safari, na nyuma yake wazee wengine wawili. Mjomba huyu alimtania tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Leo alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi, hata maji hakuyagusa. Alikohoa. Akasema njia ilikuwa salama. Akakohoa tena. Jambazi zima, mwandishi aliwaza kwa dharau, limekosa pa kuanzia.

Akaamua kumsaidia. Alisimama katikati ya sebule, mkono mmoja mfukoni, jinsi wapelelezi wake wanavyosimama kwenye sura ya mwisho, akaomba kila mtu akae. Walikuwa wamekwisha kukaa.

"Msihangaike kunizunguka," alisema. "Mimi si mtoto mdogo. Najua kuna mtu amekufa. Najua gari ni la nini. Nilijua tangu mlipoichukua simu yangu."

Shemeji akaangua kilio. Binamu akaziba uso kwa viganja. Mwandishi aliwapa nafasi kidogo, maana alikuwa hajafika mahali anapopapenda kuliko pote, mahali pa kumtaja marehemu.

Mlango ukafunguka. Akaingia mpangaji wa chumba cha uani, mzima kama kigongo, funguo za gari mkononi. Alipomwona mwandishi amesimama, akainamisha kichwa.

"Pole sana, kaka," alisema kwa sauti ya chini. "Gari liko nje. Nimejaza mafuta ya kutufikisha."

Mwandishi aliwatazama mmoja mmoja, akiwahesabu walio hai.

Mjomba akainuka, akamkumbatia kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Afadhali umejua mwenyewe, mwanangu, maana njia nzima nimelitafuta neno la kukuambia nisilipate. Haya, twende. Mama yako hazikwi mpaka ufike."